Kutembea pwani ya Australia na Waaborijini wenyewe: mwongozo hatua kwa hatua

Wengi wetu tukifika Australia, awe mwanafunzi, awe mtu wa kazi, awe mama aliyekuja kulea mjukuu Perth, tunazungushwa mjini wikiendi moja, tunapiga picha Opera House, lile jumba la muziki la Sydney, tunakula samaki na chipsi, basi, tumeiona Australia. Sasa ile rasi iliyojengwa Opera House inaitwa Bennelong, ni jina la Mwaborijini aliyekuwepo hapo zama Waingereza wanaingia, na kabla ya majengo yote hayo kulikuwa na marundo ya makombe ya chaza pale, yameachwa na watu waliokaa wakila na kupiga stori hapo vizazi na vizazi, wakoloni wakayachoma wakapata chokaa ya kujengea mji wao. Unaweza ukapita pale kila siku usilijue hilo, mpaka utembee na mtu ambaye wazee wake ndio walikuwa wenye hiyo pwani.

Matembezi ya namna hii, yanayoongozwa na Waaborijini wenyewe, yapo karibu kila upande wa nchi. Kuna ya saa moja na nusu katikati ya mji na kuna ya siku tisa unalala mchangani. Na mtu aliyekulia Lamu, Tanga, Mafia au Pemba akienda kaskazini mwa Australia atakuta vitu anavijua kabisa, mikoko ile ile, mivinje, mikadi, kaa wa kwenye tope. Ila unatakiwa ujipange, ukienda kichwa kichwa utalipa hela kwa mtu ambaye si mwenyeji au utafika msimu ambao hakuna anayetembea.

Hatua ya 1: jua unaenda kwenye ardhi ya nani

Waaborijini sio kabila moja. Mwaka 1788 Waingereza walipoanza kukaa Sydney, nchi nzima ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila watu walikuwa na ardhi yao, bahari yao na sheria zao, na mpaka leo wako hivyo. Sydney mjini kati ni kwa Wagadigal. Perth kushuka kusini ni Wanoongar. Broome ni Wayawuru. Kaskazini ya Cairns, huko Port Douglas na Mossman, ni Wakuku Yalanji. Coffs Harbour ni Wagumbaynggirr, Byron Bay ni Waarakwal wa Bundjalung, na wa Tasmania wanajiita palawa. Ile taasisi ya serikali inayoitwa AIATSIS ina ramani mtandaoni inayoonyesha maeneo yote haya kwa rangi, ifungue, tafuta mji unaoenda, andika jina la wenyeji mahali.

Jifunze na salamu yao, sisi tunajua salamu ina uzito gani. Kwa Wanoongar ni "kaya", kwa Wagumbaynggirr ni "giinagay", kwa palawa ni "ya pulingina". Neno moja tu hilo, utaona uso wa mtu unavyofunguka.

Hatua ya 2: chagua matembezi yanayokufaa

Kama una nusu siku tu na uko Sydney, anzia Barangaroo. Ni bustani ya ufukweni iliyofunguliwa 2015, pamepandwa miti na vichaka zaidi ya 75,000, karibu yote ni ya asili ya pale pale Sydney, na waongozaji wa Kiaborijini wanakupitisha kwenye mimea hiyo wakikuambia huu unaliwa, huu ni dawa, huu unasokotewa kamba. Barangaroo mwenyewe alikuwa mwanamke mvuvi, mke wa Bennelong, mwenye msimamo kiasi kwamba alialikwa kwa gavana na akakataa kuvaa nguo za Kizungu. Wanawake wa hapo ndio walikuwa wavuvi wa mshipi, wakikaa kwenye mitumbwi ya magome ya mti na moto mdogo umewashwa juu ya udongo humo humo ndani ya mtumbwi, na ndoana zao walikuwa wanazichonga kutokana na kombe la konokono wa baharini. Wasichana walikuwa wanakatwa ncha ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto kwa ajili ya kazi hiyo ya mshipi. Ukisikia haya umesimama kwenye mawe ya ukingo wa bandari hiyo hiyo, na maboti yanapita mbele yako, unaiona ile bandari tofauti kabisa. Bustani ya mimea ya Sydney, hatua chache kutoka Opera House, nayo ina matembezi yake ya Kiaborijini.

Nje kidogo ya mji kuna La Perouse, jamii ambayo haijawahi kuhama pwani yake pamoja na yote yaliyotokea. Ng'ambo ya ghuba ndipo nahodha Mwingereza James Cook aliposhuka Aprili 1770, watu wake wakabeba mikuki ya wenyeji, zaidi ya 40. Minne iliyobaki ilikaa Cambridge, Uingereza, miaka zaidi ya 250 mpaka ikarudishwa kwa jamii ya La Perouse Aprili 2024. Tembea huko na mtu wa hapo, usisome tu kibao.

Kama wewe ni mtu wa pwani na unataka kitu cha kufanya kwa mikono, mimi nakushauri bila kusita nenda Cooya Beach, karibu na Mossman, Queensland. Hapo Wakuku Yalanji wanakutembeza kwenye tope maji yakiwa yamekupwa. Unapewa mkuki mrefu, unafundishwa kuurusha pale ufukweni kwanza, halafu mnaingia tope taratibu, mwongozaji mbele, macho chini. Anachotafuta mwanzoni hukioni. Atasimama, atakuonyesha alama kidogo kwenye tope karibu na mizizi, wewe unaona tope tu, yeye anaona kaa amelala hapo chini. Ukishaonyeshwa mara mbili tatu jicho linaanza kushika. Kaa mwenyewe ndiye yule yule wa mikoko yetu, yule mkubwa wa kijani-kahawia mwenye magando ya kukata kidole. Na ile mikoko angalia vizuri, mchu uko, mkoko uko, mlilana uko, ni miti ya jamii ile ile ya Rufiji na Lamu. Muulize wanautumia mti gani kwa nini, na yeye mwambie kwenu mnajengea boriti, hapo maongezi hayaishi.

Hapo hapo jirani kuna Mossman Gorge, hiyo ni msitu wa mvua sio pwani, lakini ukiwa Cooya usiiache. Mnaanza kwa kufukizwa moshi wa majani, mnapita njia yao wenyewe msituni, mnaonyeshwa majani ambayo ukiyafikicha na maji yanatoa povu kama sabuni, mnaona rangi za udongo zinavyosagwa, mnamaliza kwa chai na mkate wao. Msitu wa Daintree unaoungana na hapo ulirudishwa kwa Wakuku Yalanji wa mashariki Septemba 2021, kwa hiyo ni mwenye nyumba ndiye anayekukaribisha.

Kwa mwenye siku nyingi kuna mawili makubwa. La kwanza ni wukalina, Tasmania, siku nne na usiku tatu, limeanza 2018 na ni la palawa wenyewe. Mnatoka mlima wukalina mnashuka pwani mpaka larapuna kwenye mnara wa taa, kundi dogo la watu kama kumi, mnalala kwenye vibanda vya mbao ambavyo ndani vina kuba, mnakula vyakula vyao ikiwemo nyama ya wallaby, yule kama kangaruu mdogo, na ndege wa baharini, na mnakaa na wazee mnaongea. Sio rahisi, ni zaidi ya dola 2,000 za Australia, na mimi nasema mwenye uwezo alipe, kwa sababu hiyo pwani watoto wa shule waliwahi kufundishwa kwamba watu wake wameisha wote, na hawakuisha.

La pili ni Lurujarri, Broome, magharibi ya mbali. Kama kilomita 80, siku tisa, kutoka Minyirr kwenda Minarriny, mnafuata pwani ya mawe mekundu. Mzee Paddy Roe ndiye aliyeianzisha 1987 ili watu wake wasiache kutembea njia ya wazee, na wageni wakaribishwe watembee nao, kwa sababu aliona mtu akiipenda ardhi ataitetea. Na ikawa kweli, pale katikati ya njia, Walmadany, ulitaka kujengwa mtambo mkubwa wa gesi, watu wakapinga miaka, na 2013 kampuni ikaacha mpango wa kujenga hapo. Hii usiiendee kama hoteli. Unatembea na familia, watoto, mbwa, kuna siku mtakaa tu kivulini mnavua, na hiyo ndiyo yenyewe.

Hatua ya 3: hakikisha hela inafika kwa wenyewe

Hii ndiyo hatua watu wanairuka na ndiyo muhimu kuliko zote. Kampuni nyingi za utalii zinaandika "utamaduni wa Kiaborijini" kwenye tangazo, kumbe anayeongoza amesoma kitabu tu, au wamemuweka Mwaborijini mmoja mbele na kampuni sio yake. Kabla ya kubuku tuma emeli au piga simu uulize maswali matatu ya kawaida tu: kampuni ni ya nani, mwongozaji ni wa watu gani, na je wenyeji wa ardhi hiyo wameruhusu matembezi haya. Mwenye biashara halali anayafurahia maswali haya, atakujibu mpaka utachoka. Anayezungusha maneno, achana naye.

Kuna na njia za kuangalia mwenyewe. Supply Nation ni orodha ya kitaifa, ili biashara isajiliwe humo lazima angalau nusu iwe inamilikiwa na Waaborijini au watu wa visiwa vya Torres Strait. Magharibi kuna umoja wa waendesha utalii wa Kiaborijini unaitwa WAITOC, na jimbo la New South Wales wana NATOC. Anzia kwenye orodha hizo badala ya kuanzia kwenye tangazo la kwanza linalotokea gugo. Na ukishampata, lipa kwake moja kwa moja kama ana tovuti yake, madalali wa mtandaoni wanakata asilimia yao.

Hatua ya 4: panga kwa msimu na kwa maji

Kaskazini kote, Broome, Cairns, Arnhem Land, nenda kiangazi, yaani Mei mpaka Septemba. Kuanzia Novemba mvua, joto, vimbunga, barabara zinafungwa, na baharini kuna yavuyavu wenye sumu inayoweza kuua mtu. Kusini ni kinyume, Tasmania inatembewa miezi ya joto, Oktoba mpaka Aprili. Kumbuka Desemba kwao kusini ndio joto lenyewe, na Julai ukiwa Hobart, huko Tasmania, unahitaji koti la maana.

Halafu wenyeji wenyewe hawahesabu misimu minne ya Kizungu. Wayawuru wana sita, Wanoongar wana sita, na kila msimu una kitu chake, samaki gani amenona, ua gani limechanua. Kwa hiyo ukibuku muulize mwongozaji, mwezi huo kuna nini? Jibu lake ndilo likuamulie tarehe, sio ofa ya tiketi.

Maji nayo. Matembezi ya tope na mikoko yanaenda na kupwa na kujaa, muda unaoandikwa leo unaweza kuwa tofauti kabisa na wa wiki ijayo. Sisi tunaojua bamvua na maji mafu hili halitusumbui, ila Broome jiandae, tofauti ya maji kupwa na kujaa inafika karibu mita 10, ukizubaa kwenye mawe maji yanakuzunguka. Huko huko Gantheaume Point kuna nyayo za dainosaria za miaka kama milioni 130 kwenye mwamba, zinaonekana tu maji yakikupwa sana, na kwa wenyeji zile nyayo zina habari yake ambayo ni yao kuisimulia.

Hatua ya 5: makaratasi

Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji visa ya mgeni, namba 600, inaombwa mtandaoni, omba mapema na uweke ushahidi wa hela na wa kurudi. Uwanja wa ndege tangaza kila kitu cha chakula, mbegu, mbao au kombe, usipotangaza, dagaa za mama zinakamatwa na faini ni papo hapo. Viatu vyenye udongo vioshe kabla hujasafiri, navyo wanaviangalia.

Kuna maeneo ya pwani huwezi kuingia bila kibali cha wenyewe hata kama una visa. Arnhem Land ni mfano mkubwa, ni ardhi ya Waaborijini kisheria tangu sheria ya 1976, na kibali kinatolewa na Northern Land Council. Ukienda na matembezi ya Wayolngu wenyewe, kampuni yao Lirrwi, waulize mapema kibali chako kinashughulikiwa vipi. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu yake ya pekee ya kutamani kufika: mwaka 1944 mwanajeshi aliyekuwa zamu kwenye visiwa vya Wessel, pwani ya hao hao Wayolngu, aliokota sarafu mchangani, na tano kati ya hizo zikaja kutambuliwa kuwa ni za shaba za usultani wa Kilwa. Kilwa yetu hii ya Kusini mwa Tanzania. Zilifikaje mpaka leo wataalamu wanabishana. Kinachojulikana vizuri ni kwamba wavuvi wa Makassar, Indonesia ya leo, walikuwa wanakuja pwani hiyo kila mwaka kuvuna majongoo bahari, wakafanya biashara na Wayolngu mpaka serikali ilipowazuia mwanzoni mwa karne ya 20, na walipokuwa wanapiga kambi mpaka leo kuna mikwaju imesimama. Ukiuona mkwaju ufukweni Arnhem Land, simama, muulize mwongozaji.

Hatua ya 6: vaa na beba hivi

Kofia pana, losheni ya jua, shati la mikono mirefu. Usiseme mimi mweusi jua halinigusi, jua la kule ni kali mno na ngozi nyeusi nayo inaungua. Maji lita mbili. Raba kuukuu za kuingia kwenye tope, kandambili hapana, tope linazivua. Dawa ya mbu na visubi, visubi vya mikoko ya kule havina huruma. Kama unakula halali au unahitaji nafasi ya kuswali mwambie mwongozaji siku ya kubuku, sio siku ya kula, atakupangia vizuri tu.

Kaskazini usiingie maji wala usisogelee ukingo bila kuambiwa. Mamba wa maji chumvi wapo baharini na kwenye mikoko, sio mtoni tu. Mwongozaji akisema simama, simama.

Hatua ya 7: siku yenyewe, adabu

Fika mapema. Mara nyingi mwenyeji ataanza kwa kukukaribisha kwenye ardhi yake, pengine kwa moshi wa majani mabichi, unapita katikati taratibu unajifukiza. Hapo simu mfukoni, mpaka useme naomba kupiga picha ukubaliwe. Wazee wao wanaitwa Anti na Anko kwa heshima hata kama sio ndugu, kama sisi tunavyomwita mtu mzima yeyote mama au mjomba, ila subiri usikie wengine wanamwitaje au uulize.

Kuna mahali ataambiwa mwanamume asiende, au mwanamke asiende, au mgeni yeyote asiende. Usiulize mara mbili. Kuna stori ataishia katikati, kwa sababu iliyobaki sio ya kila mtu, na hajakunyima, amekupa kile anachoruhusiwa kutoa. Marundo ya makombe ya zamani utakayoonyeshwa usiyapande wala usiokote hata kombe moja, yanalindwa kisheria, na kwao hapo ni kwa wazee. Picha na majina ya waliofariki nayo ni jambo zito, ukitaka kuposti kitu chenye sura ya mtu muulize kwanza.

Sasa hili naliandika kwa herufi nzito kichwani mwangu: usimwambie mwongozaji "mbona wewe sio mweusi" na usimuulize ana damu asilimia ngapi. Utakutana na Waaborijini wa rangi zote, wengine weupe kabisa kwa macho yetu. Serikali kwa miaka mingi, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20 mpaka kama 1970, ilikuwa inapima watoto kwa rangi na damu hivyo hivyo, ikiwanyang'anya mama zao na kuwapeleka kwenye makao na misheni. Bunge liliomba radhi rasmi Februari 2008. Anayekuongoza leo pengine bibi yake ni mmoja wa hao watoto. Akitaka atakusimulia, na akikusimulia sikiliza, usilinganishe haraka haraka na ya kwetu, subiri amalize.

Maswali mengine uliza kwa wingi, samaki, dawa, nyota, lugha, watoto wanafundishwaje. Na wewe useme ya kwenu ukiulizwa.

Hatua ya 8: ukimaliza

Mwandikie maoni mazuri mtandaoni na utaje jina la watu wake na la ardhi yake, biashara ndogo kama hizi zinaishi kwa maoni. Ukitaka zawadi, nunua kwake au kwenye duka la sanaa linalomilikiwa na jamii, uulize msanii ni nani na anatoka wapi. Maduka ya mjini yamejaa bumerangi na didjeridu, zile zumari ndefu za mti, zilizotengenezwa nje ya nchi, mwaka 2019 kampuni moja ilipigwa faini ya dola milioni 2.3 kwa kuuza vitu kutoka Indonesia kama sanaa ya Kiaborijini. Kazi halisi kwa kawaida ina karatasi yenye jina la msanii na jamii yake, iweke pamoja na risiti. Na kama umenunua kitu chenye ngozi, manyoya au kombe, muulize muuzaji kama kinahitaji kibali cha kutoka nacho nchini kabla hujakifunga kwenye begi.